Kuku wa Salongo

Mchezo wa kwanza wa televisheni nilioucheza maishani haukununuliwa dukani, na nijuavyo mimi haukuwahi kuwa na mwenzake popote. Ulitengenezwa katika maghorofa ya Bugolobi, Kampala, na jirani yetu fundi wa redio, enzi zile wanajeshi wameshika nchi. Mchezo huo ulimpoteza aliyeutengeneza, nami nilikuwa na mkono wangu katika kumpoteza. Nalisema mapema ili msomaji asidhani kwamba namsimulia raha za utotoni. Raha ilikuwapo, tena nyingi, na hiyo ndiyo inayoniudhi mpaka leo.

Fundi huyo alikuwa Mkenya kutoka upande wa ziwani. Alikuja Kampala akiwa kijana, akaajiriwa na Mhindi mwenye karakana ya redio na televisheni karibu na reli. Mhindi alipofukuzwa nchini pamoja na wenzake, karakana ikapewa askari mmoja ambaye hakujua kama transista ni kitu cha kula au cha kuvaa. Fundi akabaki kufanya kazi, na yule askari akabaki kukaa kwenye kiti cha Mhindi. Mwaka mke wa fundi alipojifungua pacha, Waganda wa pale kwetu wakampa fundi jina wanalompa kila baba wa pacha, Salongo, na mkewe akawa Nalongo. Majina yao mengine hatukuyasikia tena, na mimi sikuyajua kamwe.

Sisi tulikaa ghorofa ya juu yao. Baba alikuwa sajini wa polisi, Mwislamu kutoka Nile Magharibi, na Mama alikuwa Mwacholi, Mkatoliki wa rozari. Ijumaa Baba alikwenda msikitini, Jumapili Mama alitupeleka misa, nasi watoto tukala sikukuu zote mbili bila kuuliza maswali. Kwa kuwa lugha zao hazikupatana, nyumbani tulisema Kiswahili, na Kiswahili hicho kilitutenga na watu. Nikienda na Mama sokoni Kalerwe, tukisemezana tu, muuza matoke anatujazia kikapu kuliko wanunuzi wengine, bila kutaja bei. Kiswahili kilikuwa lugha ya wenye bunduki. Mama aliona haya mpaka akaanza kununua kwa kunyoosha kidole tu. Kwa Salongo mambo yalikuwa tofauti. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kuulizana habari za usingizi, na mlangoni pake nilijisikia mtu kama watu wengine.

Kisanduku chenyewe kilikuwa cha mbao za kasha la chai, chenye vitufe viwili vya kuzungusha vilivyong'olewa kwenye redio zilizokufa. Waya ulitoka nyuma ukaingia kwenye televisheni. Ukiiwasha, kioo kizima kilikuwa cheusi isipokuwa nukta mbili nyeupe. Ile kubwa ni wewe. Ile ndogo ni kuku. Kitufe kimoja kilikupeleka kulia na kushoto, kingine juu na chini, na kazi yako ilikuwa kumkamata kuku. Hapakuwa na pointi, hapakuwa na mshindi. Ukimgusa, kisanduku kililia tii, kuku akapotea, kisha akazaliwa upya kwenye kona nyingine ya kioo.

Siku ya kwanza nilimfukuza kuku huyo hadi vidole vikauma. Nikienda kulia anaruka kushoto. Nikienda polepole anakwenda polepole, nikikimbia ananipita mbio. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na hasira za kutosha watu wanne, nikakipiga kile kisanduku kofi. Salongo alikuwa amekaa nyuma yangu akiwalisha pacha uji, pacha mmoja kila goti. Akacheka.

"Kuku si anakuogopa?" akasema. "Hata mimi ningekimbia."

Nilimwomba anifundishe. Akakataa kabisa, akasema akinifundisha atakuwa ameninyima mchezo wenyewe. Nikanuna, nikaacha vitufe, nikakunja mikono. Nikiwa nimenuna hivyohivyo nikaona ile nukta ndogo inasogea. Ilikuja kidogo, ikasita, ikaja tena, mpaka ikafika karibu yangu kabisa, na nilipogusa kitufe kwa ncha ya kidole, tii. Siri ilikuwa hiyo tu. Kuku hakukimbia nukta yako, alikimbia pupa yako. Ukitulia anakuja mwenyewe. Waswahili husema haraka haraka haina baraka, nami niliisikia methali hiyo mara elfu bila kuiamini, mpaka nilipoikuta imechomelewa ndani ya waya.

"Sasa usiambie mtu," Salongo akaniambia. "Kila mtu apate yake. Sawa?"

Nikaapa. Watoto wote wa ngazi yetu pale maghorofani waliogundua siri waliapa, na tukawa kama chama, tukiwatazama wasiojua wakihangaika. Ulikuwa mwaka wa kukosa sukari, kukosa sabuni, na kushusha sauti kila gari linapopunguza mwendo nje. Wazazi wetu walikuwa wanakimbizwa huku na huku kutwa nzima. Tulitoka shule tukateremka kwa Salongo, na pale palikuwa na kitu kimoja katika Kampala nzima kilichokulipa kwa kutulia. Sijui niseme nini zaidi kuhusu uzuri wake. Mara chache, bila sababu yoyote, kuku alitaga: nukta ya tatu, ndogo sana, ilibaki pale alipopita, ikameta, ikazimika. Salongo alisema hiyo ni kasoro, kwamba mahali fulani waya umegusana na mwenzake, na kwamba hataigusa hata kwa dawa.

Sikukuu ya Idi, Baba alipata mgeni. Alikuwa meja wa jeshi, mtu wa kwao, anayeishi katika nyumba kubwa juu ya kilima cha Makindye, na Baba hakumwalika. Alisema atakuja, basi. Mama alitafuta mchele wiki mbili. Meja akaja na walinzi wawili, wakasimamisha bunduki zao kwenye ukuta wa sebule karibu na kabati la vyombo, nami nikapiga magoti nikasalimu kama nilivyofundishwa.

Katika nyumba za askari mtoto alifundishwa mapema kwamba afande hasahihishwi. Akipotea njia unamfuata. Akisema mbuzi ni kondoo, unamuuliza manyoya yakatwe lini. Baba alinifundisha hilo kabla sijajua kuhesabu, na hakunifundisha kwa ukali, alinifundisha kama mtu anavyomwonyesha mwanawe mahali pa kuvukia barabara.

Walikula. Baada ya kula mazungumzo yakakauka, maana watu wawili walio sawa kwa kabila na mbali kwa cheo hawana mengi ya kuzungumza. Meja akaitazama televisheni yetu iliyokuwa imezimwa. Vipindi vilianza jioni.

"Hii kitu iko mufu?" akauliza, kwa Kiswahili cha kambini, ambamo "najua" ni mimi, wewe au yeye.

Ni mimi niliyejibu. Hakuna aliyeniuliza, nilikuwa nakusanya sahani. Nilisema, "Afande, Salongo iko na mchezo ya televisheni. Mimi najua kukamata kuku." Nilitaka kumwokoa Baba na ule ukimya. Pia nilitaka kujisifu.

Basi nikatumwa. Salongo akapanda na kisanduku chake kwapani, akaunganisha waya, akamwambia meja kitufe kipi ni cha wapi. Meja akamwashiria kwa mkono kwamba inatosha, aende zake. Alipopita mlangoni Salongo akanikonyeza.

Meja aliinama mbele, magoti wazi, akakamata vitufe kama mtu anayekaba koo. Kuku akaruka. Meja akacheka, walinzi wakacheka. Kuku akaruka tena. Alikuwa mtu mnene mwenye mikono mizito, na kadiri alivyozungusha ndivyo kuku alivyoruka, pembe hadi pembe. Robo saa ikapita. Walinzi walikuwa wameacha kucheka, maana hawakujua tena kama wanatakiwa. Jasho lilimtoka meja kwenye shingo. Akasema kuku huyu ana mchawi. Kisha akageuka akanitazama.

"Wewe nasema najua. Kamata."

Nikapiga magoti mbele ya kisanduku. Nilikiinamia ili mgongo wangu ufiche vidole, nikatikisa mabega kama ninayehangaika, huku mkono umetulia. Kuku akaja. Tii. Nikamngoja tena. Tii. Mara ya tatu mlinzi mmoja akakohoa, na hata mimi nilijua kwamba hakuwa na kikohozi.

"Nafanya namna gani?" meja akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na kwa dakika ile moja alikuwa sawasawa na mtoto yeyote wa ngazi yetu.

Jibu lilikuwa la maneno mawili. Ningesema, "Tulia, afande." Nikamtazama Mama mlangoni pa jikoni, akatikisa kichwa kidogo sana. Nikamtazama Baba aliyekaa kochi moja na meja, goti lake karibu liguse la mgeni, naye alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikasema, "Sijui, afande. Inakuja tu."

Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini. Nilikuwa nimeapa kwa Salongo, hilo ni kweli. Nilikuwa nimefundishwa kutomfundisha mkubwa, tena mbele ya walinzi wake, hilo pia ni kweli. Lakini lipo lingine na nitalisema. Nilifurahi. Mtu huyo aliyewafanya watu wazima wa nyumba yetu watembee kwa vidole alikuwa hawezi kitu ninachokiweza mimi, na nilitaka aendelee kutokiweza.

Meja alijifuta jasho la shingo. Halafu akatabasamu, akakipapasa kisanduku.

"Sajini, hii kitu iko muzuri."

Kwetu, mgeni wa namna ile akisifu kitu, hakiwi chako tena. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Sisi tulipona kwa kugawa vitu. Mwaka wa nyuma alikuwa amesifu beberu. Baba akasimama, akasema, "Ni yako, afande," kana kwamba kilikuwa chake cha kutoa. Mlinzi akakichukua pamoja na waya.

Nilitumwa kumwambia Salongo. Nilimkuta anakunja nepi. Alinisikiliza, akapumua, akasema si neno, vyuma chakavu haviishi mjini, atatengeneza kingine. Kisha akaniuliza kama meja alimkamata kuku.

"Hapana."

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Vizuri," akasema, na ninakumbuka kwamba alinishika kichwa. "Hakuna mtu hawezi kushika hiyo kuku. Atachoka. Akichoka tu, itakuja."

Aliamini hivyo. Alidhani kila mtu huchoka.

Kama wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, nilikuwa roshani nafua sare za Baba, Landrova ikasimama chini. Mlinzi yuleyule wa kikohozi akashuka akaita fundi. Sauti ilipanda hadi kwangu bila shida.

"Afande nataka wewe. Kuku hapana kamatika. Nakuja natengeneza, ikamatike."

Nilimsikia Salongo akijibu kwamba hakijaharibika, ni namna ya kukicheza tu, na kwamba atakuja kuwaonyesha. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wake wa vifaa na shati safi. Akakaa mbele, karibu na dereva. Aliwapungia pacha waliokuwa mikononi mwa mama yao, na gari likaondoka polepole kuelekea barabara kuu. Nilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Nilifikiri, afadhali, sasa atawaambia mwenyewe, nami nitakuwa sijavunja kiapo. Nikarudi kwenye kola za Baba.

Hakurudi siku hiyo. Hakurudi Jumapili. Jioni yake Nalongo akapanda kwetu, akapiga magoti mbele ya Baba, mwanamke ambaye hakuwahi kumpigia mtu magoti, kwao Kenya si desturi. Alikuwa amejifunza kwetu. Hakulia. Alisema tu, "Mzee, niulizie."

Jumatatu Baba akavaa sare niliyoifua, akaenda Makindye. Alirudi mchana, akavua kofia, akamwambia Nalongo ngazini kwamba wamesema hapana fundi yeyote aliyefika pale. Nalongo akasema asante. Baba akaingia ndani na kumwambia Mama mengine kwa sauti ya chini, nami nilikuwa nyuma ya pazia.

"Kile kisanduku iko nje ya lango, kwa takataka. Ilikanyagwa na buti. Mbao yote imepasuka."

"Na yeye?"

"Mimi niliuliza mara mbili. Mara ya pili naniuliza kama mimi nataka kumfuata."

Mama akakaa chini sakafuni, palepale alipokuwa.

Siku zile mtu akipotea hakuna matanga. Ukilia, unakuwa umesema kwamba unajua kitu. Nalongo akaendelea kumwekea mumewe chakula kwenye sahani ya bati yenye kifuniko, na majirani, ambao kwa mpango wa kawaida wangekuja na maharage na sukari na kukaa naye usiku saba, walipita mlangoni pake haraka. Mimi nilikwenda. Nilienda kuwabeba pacha. Siku moja aliniuliza, huku anachambua mchele, bila kuinua macho.

"Siku ile ya Idi, yule afande alikasirika?"

"Hapana," nikasema. "Alicheka sana."

Nilidhani nampa faraja. Kumbe nilimpa sababu ya kubaki. Kila aliyemshauri arudi kwao Kenya alimjibu hivyo: mtu aliyecheka na kuku hawezi kumdhuru mwenye kuku, wamemweka mahali awatengenezee redio zao, atatoka. Alibaki miezi minne kwa neno langu. Katika miezi hiyo watu walianza kuwatazama Wakenya vibaya, mlango wake ukapigwa mateke mara moja, na pacha mmoja akaugua kifua hadi tukadhani amekwenda. Mwishowe ndugu wa Nalongo akaja kumchukua kwa nguvu. Aliondoka akiniachia ufunguo wa nyumba, nimpe Salongo akirudi. Nilikaa na ufunguo huo mpaka nyumba ikapewa askari mwingine, ambaye alivunja kufuli na hakuhitaji ufunguo.

Wanajeshi walikuja kuondolewa. Sisi tulikimbilia kaskazini kama wote waliovaa sare, tukavuka mpaka, tukarudi, maisha yakatutawanya. Nilisoma, nikaolewa, nikawa mwalimu. Miaka yote hiyo sikumwambia mtu. Wanafunzi wangu walionidanganya niliwaadhibu kuliko waliopigana, na walimu wenzangu waliniona nina roho ngumu. Labda.

Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda kumtunza. Alikuwa amebaki mifupa na kikohozi, mtu mpole mno kwa wauguzi, anayewaita wote afande. Alasiri moja, nikimlisha uji, nikaona kwamba nisipolisema sasa sitalisema tena. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba siku ile ya Idi nilijua jinsi ya kumkamata kuku. Meja aliniuliza kwa mdomo wake, nikamficha, na kama ningesema, Salongo angezeeka. Nilisema yote, mpaka ile furaha.

Alisikiliza macho yakiwa kwenye dirisha. Uji ukapoa.

"Wewe ulikuwa mutoto," akasema.

"Nilijua, Baba."

"Mimi pia nilijua."

Nikadhani homa inamsemesha. Akaniomba nimwinue, nikamwekea mto mgongoni.

"Nikitoka kazi mchana, nyinyi shule, mimi napita kwa Salongo. Nilivua buti mlangoni. Natuliza mkono, kuku nakuja. Salongo naniambia, sajini, wewe ulijua upesi kuliko wote." Akapumzika. "Siku ile mimi nilikaa karibu ya afande kuliko wewe. Ningemwambia kwa sikio. Hapana mutu angesikia."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama anayetafuta kitu mfukoni.

"Niliogopa," akasema. "Na pia nilifurahi kidogo."

Akashika mkono wangu wenye kijiko. Nilielewa anachoniomba, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekuja kuomba hichohicho. Ningeweza kusema neno moja, nimekusamehe. Yeye alikuwa mtu mzima siku ile, na kunyamaza alinifundisha yeye, na hasira ilinipanda. Nikamwambia uji umepoa, nikaenda kuupasha moto. Alikufa siku ya nne yake, na katika siku hizo nne tulizungumza habari za mvua.